Metali inapokalia kiti kisicho chake

Ni jambo la kawaida katika kliniki zetu. Mtoto wa miaka 3 analetwa akiwa mchovu, macho yamepauka, hachezi na wenziwe. Damu inapimwa na kuonekana ni gramu 9 kwa kila desilita, ilhali kwa umri huo haifai kupungua 11. Anaandikiwa dawa ya maji yenye madini ya chuma, na mama anaambiwa ampe mchicha na maini. Baada ya miezi 2 wanarudi. Dawa imekwisha, mchicha umeliwa, lakini damu imesimama pale pale. Mama anauliza, naye ana haki ya kuuliza: "Daktari, hicho chuma chote kimekwenda wapi?"

Mara nyingi jibu halina ugumu. Pengine mtoto ana minyoo ya safura inayomfyonza damu, au malaria ya mara kwa mara, au ana selimundu, ugonjwa wa kurithi ambao jamaa nyingi za Pwani wanaujua. Hayo ndiyo ya kuchunguzwa kwanza. Lakini iko sababu nyingine isiyotajwa sana, na sisi wakaazi wa Mombasa tuna haja ya kuijua kuliko wengine. Chuma kinaweza kuwamo mwilini na bado kikazuiwa kukaa mahali pake. Mahali hapo pakakaliwa na metali nyingine.

Juma hili, msomaji, tutalifuata jambo hili hatua kwa hatua. Tutaona metali hufanya nini ndani ya protini za mwili, ni vipi risasi huingia na kuvuruga mpango, na kwa nini wataalamu wa maabara wanabadilisha metali za protini kwa makusudi wakitafuta dawa. Mwisho tutarudi nyumbani, kuangalia mlango, jiko na kisanduku cha vipodozi.

KITI CHA CHUMA

Mwili umejengwa kwa protini. Protini ni mnyororo mrefu wa vipande vidogo viitwavyo asidi amino, mnyororo uliojikunja hata ukawa na umbo lake maalumu lenye mabonde na mifuko. Protini peke yake hufanya mengi, lakini ziko kazi ambazo haiziwezi bila msaidizi. Mara nyingi msaidizi huyo ni metali: atomu moja tu ya chuma, zinki, shaba au manganizi, iliyowekwa katika mfuko ulioandaliwa kwa ajili yake. Tuuite mfuko huo kiti.

Mfano ulio karibu zaidi ni hemoglobini, protini inayoipa damu wekundu wake. Hemoglobini moja ina minyororo 4, na kila mnyororo umebeba kisahani bapa kiitwacho hemu. Kisahani hicho ni duara lililofumwa kwa kaboni na nitrojini, na katikati yake pana nafasi ya atomu moja ya chuma. Tunapovuta pumzi, oksijeni hushikwa na chuma hicho ndani ya mapafu, ikasafirishwa na damu, kisha ikaachiliwa kwenye misuli, ubongo na viungo vyote. Chuma hushika bila kung'ang'ania, na ndiyo siri ya kazi yake. Chembe moja nyekundu ya damu ina hemoglobini zipatazo milioni 270. Hata hivyo, chuma chote cha mtu mzima hakizidi gramu 3 au 4, uzito wa msumari mdogo, na theluthi mbili hivi za hicho zimo katika hemoglobini.

Maumbile yametumia visahani vya namna hiyo mahali pengi, yakibadilisha tu kile kilichokaa kati. Katika majani ya mchicha, duara linalofanana na hemu lina magnesiamu badala ya chuma. Hiyo ndiyo klorofili, nayo hupokea nuru ya jua wala haibebi oksijeni. Katika vitamini B12, duara la ukoo huo huo lina kobalti. Ukimwona jodari akikatwa sokoni, wekundu wa minofu yake unatokana na protini iitwayo myoglobini, ambayo ni ndugu ya hemoglobini na ina hemu moja yenye chuma.

Basi shika jambo hili moja, maana yote yanayofuata yanategemea hilo: kazi ya protini za namna hii haitokani na umbo lake peke yake. Inatokana pia na ni nani aliyekaa kitini.

RISASI HUINGIA BILA HODI

Tunaposema risasi hapa hatuna maana ya ile ya bunduki. Tunasema metali yenyewe, ile nzito, laini, ya kijivu, ambayo wavuvi hufanyia chubwi na mafundi huitoa katika betri kuukuu za gari. Mwilini mwa binadamu haina kazi hata moja. Hakuna kiti kilichoandaliwa kwa ajili yake. Kwa hiyo hukalia viti vya wengine.

Kiti cha kwanza ni cha zinki. Mwili hutengeneza hemu kwa hatua 8, na kila hatua husimamiwa na kimeng'enya chake, yaani protini ya kuharakisha kazi. Kimeng'enya cha hatua ya 2, ambacho madaktari hukiita kwa kifupi ALAD, hufanya kazi kwa msaada wa zinki. Risasi ikifika hapo humwondoa zinki na kukaa yeye, tena hushika kwa nguvu kuliko mwenyewe. Ni kama ufunguo wa kufuli nyingine: umeingia, haufungui, wala hautoki. Kimeng'enya husimama. Malighafi iliyokuwa ingojee kutengenezwa hemu hurundikana katika damu, na malighafi hiyo ikizidi hudhuru mishipa ya fahamu.

Kiti cha pili ni cha chuma chenyewe. Katika hatua ya 8, ambayo ndiyo ya mwisho, kimeng'enya kiitwacho ferokelatasi huchukua kisahani kitupu na kukitia chuma katikati. Risasi huvuruga hatua hii pia. Chuma hakifiki kitini kwa wakati, na kwa kuwa zinki iko karibu, kimeng'enya huitia zinki. Hapo hutokea kisahani chenye zinki mahali pa chuma. Kwa umbo ni kama hemu, lakini hakiwezi kubeba oksijeni. Kikishaingia katika chembe nyekundu hubaki humo maisha yote ya chembe hiyo, ambayo ni kama siku 120.

Hivyo ndivyo mtoto anavyoweza kunywa chuma na damu isipande. Malighafi ipo, fundi amefungwa mikono.

Kisahani hicho chenye zinki kina tabia moja iliyotusaidia. Kikimulikwa kwa mwanga wa zambarau au samawati, hurudisha mwanga mwekundu, jambo ambalo hemu yenye chuma haifanyi. Tangu miaka ya 1970 viko vyombo vidogo vinavyopima mwanga huo kwa tone moja la damu.

Hapa pana jambo la kuangaliwa. Zinki hukaa mahali pa chuma hata kama hakuna risasi, ikiwa mtoto amepungukiwa na chuma tu. Kiti kiko wazi, mwenyewe hayupo, jirani anakaa. Kwa hiyo kipimo hiki hutumiwa pia kutambua upungufu wa chuma. Kisiwani Pemba kilitumika katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2006, uliohusu watoto zaidi ya 24,000. Watoto waliopewa chuma na asidi foliki kila siku bila kupimwa kwanza walikuwa na hatari zaidi, kwa asilimia 12, ya kulazwa au kufa, kwa kuwa malaria ilikuwa nyingi. Lakini katika kundi dogo lililopimwa damu, wale walioonekana kweli wamepungukiwa na chuma na damu walinufaika. Funzo lake ni kwamba dawa ya chuma si peremende. Mtoto wa Pwani apimwe malaria na damu kabla ya kupewa.

YALIYOTOKEA OWINO UHURU

Ukivuka Makupa kutoka kisiwani ukaelekea upande wa Mikindani, uko mtaa uitwao Owino Uhuru. Kando ya nyumba za watu palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi. Moshi na maji machafu vilifika kwa majirani. Bi Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa kiwandani hapo, aliona mwanawe mchanga akiugua, na vipimo vikaonyesha kwamba mtoto ana risasi mwilini, aliyoipata kwa maziwa ya mamake. Tangu hapo aliongoza wakaazi kudai haki yao. Kiwanda kiliacha kazi mwaka 2014, na mwaka 2015 Bi Omido alitunukiwa tuzo ya mazingira ya Goldman.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulilinganisha damu ya watoto wa Owino Uhuru na ya watoto wa mtaa jirani uitwao Bangladesh. Wastani wa risasi kwa watoto wa Owino Uhuru ulikuwa kama mara mbili ya ule wa wenzao. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakaazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa iliutengua uamuzi huo, na mwezi wa Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha.

Fidia ni haki, lakini haiondoi risasi mifupani. Baada ya kuingia, risasi hukaa katika damu kwa wiki kadhaa, kisha nyingi huhamia katika mifupa na meno, kwa sababu mwili huidhania kuwa kalsiamu. Huko hudumu miaka 20 na zaidi. Mwanamke aliyevuta moshi wa risasi akiwa msichana anaweza kuwa na risasi inayotoka mifupani wakati wa ujauzito, pale mwili unapotafuta kalsiamu ya kumjenga mtoto.

Watoto ndio wanaoumia zaidi. Mtu mzima akimeza risasi, tumbo lake huichukua kama sehemu moja katika kumi. Mtoto mdogo huweza kuchukua karibu nusu. Mtoto mwenye upungufu wa chuma huchukua zaidi, kwa maana njia ya tumboni inayongojea chuma huipokea risasi pia. Kwa hiyo njaa ya chuma hufungua mlango kwa risasi, na risasi nayo huzuia chuma kufanya kazi. Mambo haya mawili huvutana, na mtoto yuko katikati.

Dalili zake si za kujitangaza: uchovu, kukosa hamu ya kula, maumivu ya tumbo, kufunga choo, ukali usio na sababu, kuchelewa kusema, kushindwa kutulia darasani. Ikizidi sana huleta degedege na kupoteza fahamu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mwongozo wake wa mwaka 2021 unataka chanzo kitafutwe na kuondolewa mtoto akifikia mikrogramu 5 kwa desilita. Ili uone udogo wa kiasi hicho, katika damu hiyo hiyo hemoglobini ya gramu 11 ina uzito zaidi ya mara milioni 2 ya risasi hiyo. Hata hivyo hudhuru, kwa sababu haishindani na damu yote. Hushindania viti tu.

WANAOBADILISHA KWA MAKUSUDI

Utauliza, msomaji, kama kubadilisha metali ya protini kuna madhara namna hii, mbona wako wataalamu wanaofanya jambo hilo hilo mchana kweupe na kupewa tuzo?

Tofauti ni kwamba wao huchagua protini, huchagua metali, na hufanya kazi hiyo katika chupa ya maabara, si katika damu ya mtoto. Nia yao ni kupata protini zenye kazi ambayo maumbile hayakuzipa. Njia yenyewe ni ya hatua mbili. Kwanza humtoa msaidizi wa asili, kwa asidi au kwa dawa inayong'ata metali, ibaki protini tupu. Kisha humtia msaidizi mwingine. Siku hizi wengine hufuga bakteria wanaotengeneza protini ikiwa tupu tangu mwanzo.

Katika mwaka 1960 Joseph Coleman na Bert Vallee, waliokuwa Chuo Kikuu cha Harvard, walichapisha kazi juu ya kimeng'enya cha kongosho kinachotusaidia kuyeyusha nyama tumboni. Kimeng'enya hicho kina zinki. Walipoiondoa zinki, kikalala. Walipotia kobalti, kikaamka na kufanya kazi kwa nguvu zaidi kuliko mwanzo. Walipotia kadmiamu, kikashindwa kukata protini. Protini ni ile ile, kiti ni kile kile. Aliyekaa ndiye aliyebadilika.

Mwaka 1970 Brian Hoffman na David Petering walitia kobalti mahali pa chuma katika hemoglobini. Hemoglobini hiyo mpya iliweza kushika oksijeni na kuiachilia, lakini ilishika kwa ulegevu kuliko ile ya chuma. Kwa jaribio kama hilo tulielewa vizuri zaidi ni nini hasa chuma hufanya.

Mwaka 1978 Wilson na Whitesides waliingia jikoni, kwa namna ya kusema. Ute mweupe wa yai una protini iitwayo avidini, ambayo hushika vitamini moja, biotini, kwa nguvu isiyo kifani. Wao waliifunga metali ya rodiamu kwenye biotini, wakaitia katika avidini. Biotini iliingia mfukoni na kuivuta rodiamu pamoja nayo, kama tishari linavyoingiza meli bandarini Kilindini. Tangu hapo mbinu hiyo imeendelezwa sana, hasa na Thomas Ward na wenzake mjini Basel, Uswisi.

Kisha mwaka 2016 John Hartwig na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichukua myoglobini, ile protini ya wekundu wa nyama, wakaweka hemu yenye iridiamu mahali pa ile ya chuma. Iridiamu ni metali adimu ambayo hakuna kiumbe hai anayeitumia. Ndani ya mfuko wa myoglobini ilianza kuunganisha atomu za kaboni kwa namna ambayo myoglobini ya asili haiwezi.

Faida yake ni nini? Dawa nyingi tunazoandika ni molekyuli zenye mkono wa kulia au wa kushoto, kama ndara. Zafanana, lakini ya kulia haivaliki mguu wa kushoto. Metali ikiachwa peke yake katika chupa mara nyingi hutengeneza zote mbili kwa pamoja, na nusu yake ni hasara. Metali ikiwa imekaa ndani ya mfuko wa protini, kuta za mfuko huongoza kazi, ikatoka ndara ya mguu mmoja zaidi. Tena kazi hufanyika ndani ya maji, katika joto la kawaida, bila kutumia kemikali kali nyingi. Pale kiti kisipomtosha mgeni vizuri, wataalamu hubadilisha asidi amino moja moja, wakajaribu mamia ya aina na kuchagua iliyo bora. Njia hiyo ya kuchagua ndiyo iliyompa Frances Arnold tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2018.

Kazi hii bado iko maabara. Mtu akikuuzia chupa na kusema ina "protini za metali mpya" za kuongeza damu, mwambie akale kwanza yeye.

DAWA ILIYOTOKANA NA WAZO HILI

Hata hivyo wazo la kumweka mgeni kitini limekwishajaribiwa kwa wagonjwa. Mtoto mchanga anapogeuka manjano, ni kwa sababu hemu ya chembe kuukuu inavunjwa na kutoa rangi iitwayo bilirubini kupita uwezo wa ini lake. Mwaka 1981 Drummond na Kappas walionyesha katika wanyama wachanga kwamba kisahani cha hemu kikitiwa bati mahali pa chuma, kimeng'enya kinachovunja hemu hukishika na kushindwa kukivunja, na bilirubini hupungua. Baadaye ilijaribiwa kwa watoto. Haijawa dawa ya kawaida, na tiba ya manjano ya watoto wachanga imebaki ile ya taa ya samawati. Lakini hapo tunaona ujanja ule ule wa risasi, safari hii ukitumiwa kwa faida.

Mfano mwingine ni galiamu. Bakteria hutafuta chuma katika mwili wetu kama wezi wanavyotafuta fedha. Galiamu hufanana na chuma kwa umbo, nao huibeba na kuikalisha katika viti vyao vya chuma. Kumbe haiwezi kupokea wala kutoa elektroni kama chuma, na kazi zao huzorota. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya majaribio kwa wagonjwa wachache wenye ugonjwa wa mapafu wa kurithi, na matokeo yalitia moyo. Wakati huu ambapo viuavijasumu vingi vinashindwa, njia kama hiyo inastahili kufuatwa.

Na zile dawa zinazong'ata metali, ambazo watu wa maabara huzitumia kuondoa metali katika protini, ndizo mababu wa tiba ya sumu ya risasi. Kwa mtoto mwenye risasi ya mikrogramu 45 kwa desilita au zaidi, Shirika la Afya Duniani linashauri apewe dawa hizo, kama vile suksima ya kumeza. Dawa huishika risasi na kuitoa kwa mkojo. Lakini hazijui kuchagua sawasawa, huweza kuvuta na metali tunazozihitaji. Nchini Marekani mwaka 2005 watoto wawili walifariki baada ya kudungwa aina isiyofaa ya dawa ya kundi hili, iliyovuta kalsiamu ya damu mpaka moyo ukasimama. Kwa hiyo ni tiba ya hospitali, chini ya daktari, si ya kununua barabarani kwa jina la "kusafisha damu". Tena haina maana kumtibu mtoto kisha kumrudisha kwenye vumbi lile lile.

HAPA KISIWANI

Huenda unasoma haya ukiwa Kibokoni au Majengo na kusema, Owino Uhuru ni mbali. Risasi haiji kwa kiwanda peke yake.

Rangi kuukuu. Nyumba za Mji wa Kale zina milango na madirisha ya mbao yaliyopakwa rangi tabaka juu ya tabaka kwa miaka mingi. Rangi za zamani mara nyingi zilitiwa risasi. Kiwango cha Kenya cha leo hakiruhusu zaidi ya sehemu 90 kwa milioni, lakini kiwango hicho hakiondoi rangi iliyokwisha kupakwa. Fundi akija kupiga msasa, vumbi lake ndilo hatari. Mwambie alowanishe mbao kwanza, watoto na wajawazito wahamie kwa jamaa, na vumbi lifutwe kwa kitambaa cha maji badala ya kufagiwa. Hali ni hiyo hiyo kwa wanaokwangua vyombo vya baharini.

Wanja. Wanja wa manga wa asili huweza kuwa ni jiwe la risasi lililosagwa. Mtoto hupakwa machoni, hujifuta kwa mkono, na mkono huenda kinywani. Najua ni desturi ya kupendeza na bibi hatafurahi kusikia haya. Lakini mtoto mchanga apendeze bila wanja usiojulikana umetengenezwa kwa nini.

Betri na chubwi. Anayeyeyusha risasi kwa ajili ya chubwi, au anayefungua betri kuukuu, asifanye hivyo uani kwa watu, wala katika sufuria ya kupikia. Akimaliza aoge na kubadilisha nguo kabla ya kumbeba mtoto. Nguo hizo zifuliwe peke yake.

Udongo wa kando ya barabara. Petroli yenye risasi iliachwa Afrika kusini mwa Sahara kufikia Januari 2006, lakini risasi haiozi. Ile iliyoanguka kando ya barabara kuu bado imo udongoni. Watoto waoshwe mikono kabla ya kula, na mjamzito mwenye hamu ya kula udongo amwambie daktari, kwani hamu hiyo mara nyingi ni dalili ya upungufu wa chuma.

Chakula. Mtoto aliyeshiba chuma na kalsiamu huichukua risasi kidogo zaidi. Maini, samaki, kunde, mbaazi, mchicha na maziwa vyafaa sana. Kamulia ndimu juu ya mboga, maana vitamini C husaidia chuma kuingia. Mahamri na mbaazi ni chakula kizuri cha asubuhi, lakini chai huzuia chuma cha mbaazi. Mtoto anywe maji au maji ya matunda, na mtu mzima mwenye upungufu wa damu aisubirishe chai yake saa moja.

Kipimo. Ukiwa umeishi karibu na mahali pa kuyeyusha betri, au damu ya mtoto imekataa kupanda baada ya malaria, minyoo na selimundu kuchunguzwa, mwombe daktari kipimo cha risasi katika damu. Kile kipimo cha zinki peke yake hakitoshi, kwa sababu hakionyeshi risasi ikiwa kidogo. Si kila maabara inayopima risasi, lakini daktari anaweza kupeleka damu inakopimwa. Na mama anayenyonyesha asiache kunyonyesha kwa hofu. Apimwe kwanza, kisha ashauriwe.

Mwili wetu hauna njia nzuri ya kumwondoa risasi kitini akishakaa. Wataalamu wa maabara wanaweza kuivua protini metali yake na kuivisha nyingine, lakini ubongo wa mtoto uliokwisha kudhurika hauvuliwi ukavishwa upya. Kinga imo mikononi mwetu: kumzuia mgeni huyu mlangoni, na kuhakikisha kwamba kiti cha chuma kina mwenyewe.